Maswali ya kupima ujuzi wa nyota kwa sisi tunaotazama anga kutoka Dar es Salaam

Mleta uzi

Ndugu wadau, salaam.

Katika kikundi chetu kidogo cha wapenzi wa nyota hapa Dar es Salaam tuna mazoea ya kupimana ujuzi kwa maswali kabla ya kufungua darubini. Maswali yenyewe kwa kawaida huokotwa mtandaoni, na karibu yote yametungwa na watu wa Ulaya na Marekani kwa ajili ya anga la kwao. Linalojirudia kuliko yote ni lile la nyota inayoonyesha kaskazini. Kila mtu hujibu kwamba ni Polaris, kila mtu hupata alama yake, kisha tunaendelea. Siku hizi nimeanza kuongeza swali jingine papo hapo: ukisimama Coco Beach usiku usio na mawingu, nyota hiyo utaitafuta upande gani, na itakuwa imeinuka kiasi gani kutoka baharini? Hapo wale wale waliopata alama huanza kunyoosha vidole kila upande.

Polaris haionekani kutoka hapa. Dar es Salaam iko takriban nyuzi 6.8 kusini mwa Ikweta, na nyota hiyo imekaa karibu kabisa na ncha ya kaskazini ya anga, kwa hiyo kwetu hubaki takriban nyuzi saba chini ya upeo wa macho, usiku kucha na mwaka mzima. Mtihani unaompa mtu alama kwa kutaja nyota ambayo hajapata kuiona, na ambayo hawezi kuiona akiwa nyumbani kwake, umepima kumbukumbu yake tu. Mimi ningependa tupime kama mtu analijua anga lililo juu ya kichwa chake.

Kwa hiyo naleta pendekezo. Tutunge maswali yetu, na kila swali liwe la namna ambayo mtu anaweza kutoka nje akahakiki jibu lake mwenyewe, kwa macho, kwa kijiti kilichosimama wima, au kwa darubini ndogo ya macho mawili. Pale ambapo haiwezekani, basi angalau swali liguse historia ya eneo letu. Naomba pia tuachane na majibu ya kuchagua A, B, C au D, kwa sababu asiyejua lolote hupata robo ya alama kwa kubahatisha, na ukimwuliza sababu hana la kusema.

Naanza na haya. Ni sehemu kubwa kiasi gani ya anga lote la nyota ambayo mkazi wa Dar es Salaam hawezi kuiona kamwe, hata akikesha mwaka mzima? Ni tarehe zipi jua hupita utosini kabisa hapa kwetu? Dunia huwa karibu zaidi na Jua mwezi gani, na je, hiyo ndiyo sababu ya joto letu la Januari? Jirani yako anakuapia kwamba ameona sayari ya Zuhura iking'aa utosini saa sita usiku, utamjibu nini? Kati ya nyota nyekundu na nyota ya samawati, ipi ina joto kali zaidi? La mwisho: ni setilaiti gani maarufu ya kuchunguza anga iliyorushwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki, na ilitufundisha nini?

Jibuni kwa sababu, tafadhali.

Mchangiaji wa Tabata

Asante sana mkuu kwa uzi huu. Najibu yale ninayoyamudu. Jua huwa utosini tarehe 21 Machi na tarehe 23 Septemba, siku ambazo usiku na mchana hulingana. Dunia huwa karibu na Jua mwezi wa Januari, nami nadhani inachangia joto, maana Januari Dar huwaka moto kwelikweli. Nyota nyekundu ndiyo yenye joto zaidi, kwa kuwa wekundu ni rangi ya moto. Zuhura nimeiona mara nyingi jioni na alfajiri, ila usiku wa manane sina uhakika. Swali la setilaiti nawaachia wengine.

Mleta uzi

Ndugu wa Tabata, nakushukuru kwa kujitokeza wa kwanza. Niruhusu nianze na jibu lako la jua la utosini, kwa sababu ndilo linalotolewa na watu wengi waliosoma jiografia vizuri shuleni.

Tarehe ulizozitaja ni za Ikweta. Siku ya 21 Machi mtu aliye Nanyuki nchini Kenya, mji uliokaa juu ya Ikweta, ndiye mwenye jua la utosini, lakini sisi huliona limeegemea kaskazini kwa karibu nyuzi saba. Jua huhama mwaka mzima kati ya nyuzi 23.4 kaskazini na nyuzi 23.4 kusini, na katika safari hiyo hupita juu ya latitudo yetu mara mbili, linapokwenda kusini mnamo tarehe 11 Oktoba na linaporudi mnamo tarehe 3 Machi. Kati ya Oktoba na Machi jua la adhuhuri hupita kusini mwetu, na miezi iliyobaki hupita kaskazini. Mwenye nyumba yenye baraza upande wa kaskazini hulijua jambo hili kwa mwili wake, kwa sababu baraza hiyo hupigwa na jua la mchana mwezi Julai na kupata kivuli mwezi Desemba.

Uhakiki wake ni rahisi. Chagua mlingoti wa bendera uliosimama wima barabara, au weka chupa juu ya sakafu iliyosawazishwa, kisha tazama kivuli. Siku hizo mbili kivuli hufupika, hujikusanya kwenye kitako, kinatoweka, na dakika chache baadaye kinaanza kuchungulia upande wa mashariki. Lakini usiende saa sita kamili ukadhani umekosea siku. Saa zetu za Afrika Mashariki zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na Dar iko kwenye nyuzi 39.3 hivi, kwa hiyo jua huchelewa kufika katikati ya anga kwa wastani wa dakika 23. Juu ya huo wastani kuna mabadiliko yanayotokana na mzingo wa Dunia kutokuwa duara kamili na mhimili wake kuinama. Kwa sababu hiyo, tarehe 11 Oktoba kivuli hutoweka karibu saa sita na dakika 10, na tarehe 3 Machi karibu saa sita na dakika 35. Mtu anayeweza kueleza kwa nini saa hizo mbili hazilingani, kwa maoni yangu, anastahili alama nyingi kuliko aliyekariri majina ya miezi yote ya sayari ya Mshtarii.

Kuhusu rangi ya nyota, fikiria fundi chuma. Chuma kikianza kupata moto huwa chekundu, kikizidi huwa cha njano, na kikizidi sana huwa cheupe. Nyota nazo hufuata kanuni hiyo hiyo. Kati ya Desemba na Machi tazama kundinyota la Jabari, yaani Orioni, ambalo kwetu hupita karibu na utosi. Betelgeuse ina rangi ya chungwa iliyokolea na joto la uso wake ni takriban kelvini 3,500 (kelvini ni kipimo cha joto), na Rigel, iliyo upande wa pili wa zile nyota tatu za mkanda, ni nyeupe yenye samawati na joto la takriban kelvini 12,000. Jua letu liko katikati, na kelvini 5,800 hivi. Tofauti ya rangi inaonekana hata ukiwa Sinza chini ya taa za barabarani. Betelgeuse yenyewe ilififia kwa namna ya kuonekana kwa macho matupu mwishoni mwa mwaka 2019 hadi Februari 2020, na wanaastronomia walihusisha jambo hilo na wingu la vumbi lililotoka kwenye nyota hiyo hiyo.

Januari nitaijibu baadaye, nikishapata majibu ya wengine.

Mwalimu wa Mbagala

Ndugu mleta uzi, hoja yako naielewa, lakini naomba nikupinge kidogo. Mimi ni mwalimu, na uzoefu wangu ni kwamba mwanafunzi anahitaji kwanza mambo ya msingi ambayo ni yale yale duniani kote: idadi ya sayari, mwaka wa nuru ni nini, kwa nini mwezi una awamu zake. Mtoto wa Mbagala na mtoto wa London wanastahili swali moja hapo. Ukianza na latitudo na longitudo utawakatisha tamaa. Tena, wengi wetu tunaishi penye taa nyingi, na miezi ya masika anga limefungwa kwa mawingu. Huo uhakiki wa nje utafanyika lini?

Mleta uzi

Mwalimu wangu, nakubali kwamba mambo ya msingi ni ya wote, ila hata hayo nayataka yaulizwe kwa njia inayoonyesha uelewa. Chukua idadi ya sayari. Kuuliza "ziko ngapi" hakutuambii chochote, kwa sababu mwenye kitabu cha zamani atasema tisa na mwenye kipya atasema nane, na wote wawili wamesoma tu. Ningeuliza hivi: Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulipokutana Prague mwezi Agosti 2006, Pluto ilishindwa sharti gani? Pluto ilivumbuliwa mwaka 1930 na Clyde Tombaugh, inalizunguka Jua, na ina umbo la tufe, kwa hiyo masharti mawili ilikuwa nayo. La tatu, kwamba sayari iwe imetawala njia yake na kuondoa vitu vingine vya ukubwa unaokaribiana nayo, ndilo lililoitoa.

Mwaka wa nuru vilevile. Wapo watu wazima wanaojua vizuri sana kwamba ni kilometa trilioni 9.46, na bado wanauzungumzia kama kipimo cha muda. Muulize mtu: mwanga wa Sirius unaouona usiku huu uliondoka kwenye nyota hiyo lini? Aliyeelewa kwamba Sirius iko umbali wa miaka ya nuru 8.6 atahesabu na kukupa mwaka.

Kuhusu taa na mawingu, nakubaliana nawe kwa sehemu. Jua na Mwezi vinaonekana hata Kariakoo sokoni, na nyota angavu zinaonekana kutoka uwanja wowote wenye ukuta wa kuzuia taa. Anga letu bora ni la kipupwe, kuanzia Juni hadi Septemba, mvua zikiwa zimekatika, na nafikiri mitihani ya vitendo ingepangwa miezi hiyo.

Mzee wa Kunduchi

Vijana wangu, nimesoma mazungumzo yenu kwa furaha. Mimi nimekulia kwa wavuvi, na kwetu maswali haya yalikuwepo kabla ya vitabu. Tuliulizwa: bamvua, yaani maji makubwa ya bahari, huja lini, na maji mafu, yaani maji madogo, huja lini? Mwezi ukiandama, umelala au umesimama? Kilimia, kile kishada cha nyota, kimezama kwa jua au kwa mvua? Wahenga walisema, "Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua; kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua." Aliyeshindwa kujibu hakupewa usukani. Naomba mtoa mada ayaweke na haya katika mtihani wake, na aeleze sababu zake, maana sisi tulijua mambo yanavyokwenda bila kuambiwa kwa nini.

Mleta uzi

Shikamoo mzee wetu. Umeleta maswali ambayo nilitamani yatoke kwa mtu kama wewe.

Bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na karibu na mwezi mpevu, kwa sababu nyakati hizo Jua, Dunia na Mwezi hukaa karibu katika mstari mmoja, na mvutano wa Jua na wa Mwezi juu ya bahari hushirikiana. Mwezi ukiwa nusu, mivutano hiyo huvuta kwa pembe mraba na kupunguzana, nayo ndiyo maji mafu. Swali hili ni zuri kwa mtihani kwa sababu linahakikiwa mchana, pale ufukweni Kunduchi, na mtu asiye na darubini anaweza kulijibu vizuri kuliko mwenye nayo.

Mwezi kulala ni jambo linalowashangaza sana wageni. Picha nyingi za vitabu huuchora mwezi mwandamo ukiwa umesimama, kwa kuwa wachoraji wako mbali na Ikweta. Njia ambayo Jua na Mwezi hufuata angani huinuka kutoka upeo wetu wa magharibi karibu wima, kwa hiyo Jua likishazama, linakuwa takriban chini ya Mwezi moja kwa moja na kuumulika upande wa chini. Matokeo yake Mwezi unalala kama ulivyosema, ncha zake zikielekea juu, ingawa kuna miezi unainama kidogo upande mmoja. Anayechora mwezi wa jioni wa Dar es Salaam ukiwa umesimama wima hajautazama.

Kilimia kinapotelea kwenye mwanga wa magharibi mapema mwezi Mei, kwa kuwa tarehe 20 Mei hivi Jua linapita karibu na sehemu hiyo ya anga, na kinajitokeza tena mashariki kabla ya alfajiri katikati ya Juni. Kwetu pwani, hicho ni kipindi ambacho masika yanaisha na upepo wa kusi unashika. Mkulima na nahodha waliokuwa wakikitazama walikuwa na kalenda isiyoteleza, tofauti na miezi ya mwandamo inayorudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa jua.

Mchangiaji wa Kigamboni

Mimi naomba nijibu swali la kwanza, kwa sababu nimekuwa nikilitafakari. Sisi tuko nyuzi 6.8 kusini, kwa hiyo kipande tusichokiona ni kile kilichozunguka ncha ya kaskazini kwa nusu kipenyo cha nyuzi 6.8 tu. Nimepiga hesabu ya eneo la kipande hicho kwenye tufe nikapata kama asilimia 0.35 ya anga lote. Je, ni sawa? Ninaona ni kidogo mno hata nikatilia shaka.

Pia ningependa kueleza nilichokiona Kimbiji mwezi wa tano, karibu saa tatu usiku, mawingu yalipofunguka. Nikiwa nimegeukia kusini, Msalaba wa Kusini ulikuwa umesimama wima, na nyota mbili angavu za Kentauri zikiwa kushoto kwake. Nikageuka nyuma, na upande wa kaskazini nikaziona nyota saba za Dubu Mkubwa, bakuli lake likiwa limefunikwa chini na mkia wake ukielekea kulia. Sikujua kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kuonekana kwa wakati mmoja.

Mleta uzi

Hesabu yako ni sahihi kabisa, ndugu yangu, usiitilie shaka. Ni chini ya nusu ya asilimia moja. Mwenzetu wa London, aliye nyuzi 51.5 kaskazini, ananyimwa karibu asilimia 19 ya anga, na katika hiyo imo Canopus, ambayo ni nyota ya pili kwa mng'ao usiku, imo Alpha Centauri, umo Msalaba wenyewe, na yamo Mawingu ya Magellan, yaani makundi mawili makubwa ya nyota yanayoonekana kama vipande vya wingu. Sisi tunaona karibu kila kitu, ila vile vilivyo karibu na ncha hukaa chini sana, kwenye ukungu na moshi wa upeo wa macho.

Ulichokiona Kimbiji nakitaka kiwe swali la lazima. Katikati ya Mei, mnamo saa tatu usiku, Msalaba uko takriban nyuzi 37 juu ya upeo wa kusini, na nyota ya mwisho ya mkia wa Dubu Mkubwa, usiku ukiendelea, hupanda hadi nyuzi 34 hivi upande wa kaskazini. Vimekaribia kulingana, kimoja mbele yako na kingine mgongoni. Sasa ongeza hatua moja: chukua Merak na Dubhe, nyota mbili za ukingo wa bakuli, uvute mstari kutoka ya kwanza kupita ya pili. Vitabu vinasema mstari huo unafika Polaris. Kwetu mstari unashuka, unafika kwenye upeo wa macho, na kuingia ardhini. Mtahiniwa akionyesha kwa mkono mahali mstari unapozama, amejua kaskazini iko wapi, na amejua pia kwa nini nyota yenyewe haipo. Hapo nampa alama zote za swali la Polaris.

Alpha Centauri uliyoiona kushoto kwa Msalaba iko umbali wa miaka ya nuru 4.4 hivi. Jirani yake hafifu, Proxima, iliyo miaka ya nuru 4.24, haionekani bila darubini, nayo iligunduliwa na Robert Innes mwaka 1915 akiwa Johannesburg. Ukiulizwa nyota iliyo karibu zaidi na Jua, hiyo ndiyo, na ilipatikana kutoka bara letu.

Dada wa Temeke

Kaka mleta uzi, Mungu akubariki kwa elimu hii. Nina swali ambalo nadhani linafaa kwa wakazi wengi wa jiji letu. Je, mtu anaweza kuhakiki kibla kwa jua bila dira wala simu? Nilisikia kuna siku mbili katika mwaka ambazo hilo linawezekana, lakini sikupata maelezo ya kutosha.

Na jingine: mwezi ulipopatwa Septemba 2025 wanangu waliniuliza kwa nini haupatwi kila mwezi, wakati kila mwezi kuna mwezi mpevu. Nilitafuta jibu fupi la kuwapa nikakosa.

Mleta uzi

Dada yangu, ulichosikia ni kweli. Makka iko nyuzi 21.4 kaskazini, kwa hiyo Jua hupita utosini mwake mara mbili, tarehe 27 au 28 Mei saa sita na dakika 18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai saa sita na dakika 27. Saudi Arabia inatumia saa sawa na zetu, hivyo huhitaji kubadili lolote. Kwa dakika hiyo, popote ulipo ukiliona Jua, kulielekea ni kuielekea Kaaba, na kivuli cha kijiti kinaonyesha upande ulio kinyume kabisa. Kwa Dar jambo hili lina uzuri wa pekee, kwa sababu longitudo ya Makka ni takriban nyuzi 39.8 na yetu 39.3, kwa hiyo kibla chetu ni karibu kaskazini halisi. Mtahiniwa mzuri ataongeza mwenyewe kwamba, kwa kuwa hivyo ndivyo, kivuli kifupi kuliko vyote cha siku yoyote, kuanzia Machi hadi Oktoba, kinalala juu ya mstari wa kibla kwa tofauti ya nyuzi moja hivi.

Kuhusu watoto, waambie kwamba njia ya Mwezi imeinama kwa nyuzi tano hivi ukilinganisha na njia ya Dunia kuzunguka Jua. Miezi mingi mpevu hupita juu kidogo au chini kidogo ya kivuli cha Dunia. Kupatwa hutokea pale mwezi mpevu unapoangukia karibu na makutano ya njia hizo mbili. Ule wa tarehe 7 Septemba 2025 ulizama kivulini kabisa kuanzia saa mbili na nusu usiku hadi karibu saa nne kasoro dakika nane. Wa tarehe 27 Julai 2018 ulikaa humo kwa dakika 103, muda mrefu kuliko wote wa karne hii, na sayari ya Mirihi ilikuwa jirani yake ikiwa nyekundu vilevile. Wanao wakiuliza wekundu ulitoka wapi, ni mwanga wa Jua uliopinda kupitia hewa ya Dunia na kupoteza samawati yake njiani.

Mchangiaji wa Tabata

Mkuu, bado unadaiwa Januari, Zuhura na setilaiti.

Mleta uzi

Nalipa deni. Dunia hufika karibu zaidi na Jua mwanzoni mwa Januari, kilometa milioni 147 hivi, na hufika mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kilometa milioni 152. Kwa hiyo hapo ulikuwa sahihi. Lakini siku hizo hizo za Januari Ulaya iko kwenye theluji, jambo linalotosha kuonyesha kwamba majira hayaletwi na umbali. Yanaletwa na mhimili wa Dunia ulioinama nyuzi 23.4. Kwa kuwa tuko karibu na Ikweta, athari yake kwetu ni ndogo: mchana mrefu kuliko wote unazidi mfupi kuliko wote kwa dakika 48 hivi tu, na jua la adhuhuri linashuka hadi nyuzi 60 mwezi Juni na hadi nyuzi 73 mwezi Desemba. Umbali unaongeza kiasi kidogo cha nishati Januari, kama asilimia saba kuliko Julai, na pepo za kaskazi na kusi zina mchango wake mkubwa katika kile tunachokisikia mwilini. Anayetoa jibu la neno moja hapa, hata likiwa "mhimili", simpi alama kamili.

Zuhura haiwezi kuonekana utosini saa sita usiku. Mzingo wake uko ndani ya wetu, kwa hiyo haiachani na Jua kwa zaidi ya nyuzi 47, na huzama ndani ya saa chache baada ya magharibi au huchomoza saa chache kabla ya alfajiri. Jirani aliyeona kitu king'avu utosini wakati huo yaelekea aliona Mshtarii. Mkabidhi darubini ndogo ya macho mawili, aegemeze viwiko vyake ukutani, na akiona vidoti vimejipanga kando ya kile king'avu, ameona miezi ambayo Galileo aliiona Januari 1610.

Setilaiti ni Uhuru. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi, na ikapewa jina hilo kwa sababu siku hiyo ilikuwa kumbukumbu ya uhuru wa Kenya. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Vipimo vyake vilisaidia kuitambua Cygnus X-1 kuwa mahali penye uwezekano mkubwa wa shimo jeusi, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2002. Inanisikitisha kwamba vijana wetu wanaopenda nyota wanaijua darubini ya angani ya Hubble kwa undani na hawajapata kuisikia hii.

Mwalimu wa Mbagala

Nimeridhika kwa sehemu kubwa, na nitayatumia maswali ya kivuli na ya bamvua darasani. Je, alama zitagawanywaje? Nahofia wanaojua majina tu watalalamika.

Mleta uzi

Napendekeza hivi, mwalimu: jina lipewe alama moja, mahali na saa ya kukiona kitu hicho kutoka Dar zipewe alama mbili, na sababu ipewe alama tatu. Anayejua majina peke yake atapata moja ya sita, na nadhani ndicho kiasi anachostahili.

Kwa wanaotaka kujipima kabla ya kipupwe, naacha maswali mengine matatu. Kimondo cha Mbozi, kule Songwe, ni chuma kwa takriban asilimia 90. Metali gani nyingine imo kwa wingi, nayo inatuambia nini kuhusu kilikotoka? Kitu cha mbali zaidi ambacho macho matupu yanaweza kukiona kutoka Dar ni kipi, na kinapita upande gani wa anga mwezi Novemba? La tatu, tarehe 2 Agosti 2027 Jua litapatwa kikamilifu Luxor nchini Misri kwa zaidi ya dakika sita. Kwa nini sisi tutaona kipande chake tu, na ni upande gani wa duara la Jua utakaoanza kumegwa? Anayejibu la mwisho aandike pia namna atakavyolinda macho, kwa sababu bila kichujio maalumu cha jua sitalisahihisha.

Majibu yawekwe hapa pamoja na tarehe, saa na mahali ulipotazamia.